Kwa nini mzimu wa Nigeria huogopwa Kibera kuliko wa Hollywood

MPENZI wa filamu katika mtaa wa Kibera au Kawangware, jijini Nairobi, hangoji gazeti limwambie ni filamu ipi nzuri na ipi mbovu. Anavyo vipimo vyake mwenyewe, na amevipata akiwa ameketi kwenye benchi la mbao ndani ya kibanda cha video, bega kwa bega na watu asiowajua, akicheka na kushtuka pamoja nao.

Kibanda chenyewe si jengo la kujivunia. Kuta ni za mabati au za udongo, kila upenyo umezibwa kwa gunia au kipande cha zulia ili mwanga wa nje usiingie, na mbele kabisa, juu ya rafu iliyopigiliwa ukutani, ipo runinga. Mlangoni huegemezwa ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo. Kiingilio kwa miaka mingi kilikuwa Sh10 au Sh20.

Katika vibanda vya aina hiyo, kuanzia Laini Saba na Makina hadi Gatina na kituo cha matatu cha Kawangware 46, ndimo wengi wa wakazi wa mitaa hii walimojifunzia sinema. Majumba ya katikati ya jiji kama vile Kenya Cinema na 20th Century yalikuwa mbali, kwa nauli na kwa kiingilio.

Yafaa vipimo vya watazamaji hawa vielezwe kwa sababu ni nadra wao kuulizwa. Wanapotajwa katika habari, hutajwa kama watu wanaohitaji kulindwa dhidi ya filamu, au kama watu wa kupigwa picha ndani ya filamu. Si mara nyingi hutajwa kama watu wenye maoni kuhusu filamu.

Na maoni wanayo. Mada tatu ndizo huzua ubishi mkali zaidi kwenye benchi la kibanda: filamu za kutisha, vichekesho vya ajabuajabu, na zile filamu ambazo wahakiki walizitupa lakini watazamaji wakakataa kuziacha.

MATOPE YALIYOACHWA MLANGONI

Kibera si mgeni wa kamera. Sehemu ya filamu ya The Constant Gardener, iliyoongozwa na Mbrazili Fernando Meirelles na kuonyeshwa duniani mwaka wa 2005, ilipigiwa humo. Mwaka uliofuata ikaja Kibera Kid, filamu fupi ya Nathan Collett kuhusu mvulana yatima anayeishi na genge la wezi. Baadaye wakfu wa Hot Sun ulianzisha shule ya filamu mtaani humo, na mnamo 2010 ikatolewa Togetherness Supreme, iliyozungumzia ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa 2007. Mwaka wa 2011 lilianzishwa Tamasha la Filamu za Mitaa ya Mabanda, ambalo lilifanyika Kibera na Mathare.

Kazi hizo zina thamani yake, na vijana kadhaa walipata ufundi wa kamera na uhariri kupitia kwazo. Hata hivyo, karibu zote zina jambo moja linalofanana: zinamwonyesha mkazi wa Kibera akiteseka. Mtu anayekanyaga matope ya Gatwekera asubuhi na jioni hana haja ya kulipa Sh20 ili aonyeshwe matope hayo hayo. Ameyaacha mlangoni, na anachonunua kwa pesa zake ni saa moja na nusu ya kuwa mahali pengine.

Ndiyo sababu orodha iliyo kwenye ubao wa chaki haifanani na orodha ya tamasha lolote. Utaona joka la mtoni, bwana wa ulevi anayepigana kama anayeanguka, maiti anayefufuka kudai haki yake, na mshamba aliyepotelea Ulaya. Ni filamu zilizotengenezwa mbali na Kibera, na bado mkazi wa Kibera hujiona ndani yake zaidi ya anavyojiona katika filamu zilizotengenezwa kumhusu yeye.

FILAMU ZENYE WAFUASI

Huko Marekani na Ulaya kuna aina ya filamu ambazo hazihesabiwi kwa wingi wa watazamaji bali kwa ukaidi wao. Jina lake la Kiingereza hutokana na neno la madhehebu yenye waumini wachache na wakereketwa, na kwa Kiswahili inatosha kuziita filamu zenye wafuasi. Hazina sifa moja ya ufundi inayoziunganisha. Kinachoziunganisha ni kwamba watu wale wale hurudi kuzitazama mara kumi, mara ishirini, huku wakiyajua maneno yote kwa moyo.

Mfano unaotajwa daima ni The Rocky Horror Picture Show ya mwaka 1975. Ilipotolewa haikupata watazamaji wa maana. Mnamo 1976 jumba la Waverly jijini New York likaanza kuionyesha usiku wa manane, na polepole watazamaji wakageuka kuwa sehemu ya onyesho. Walikuja wamevaa kama wahusika, wakawajibu wahusika hao kwa sauti, wakarusha mchele wakati wa harusi. Wasomi wameandika vitabu kuhusu jambo hilo kana kwamba lilikuwa ugunduzi.

Kwa mzoefu wa vibanda vya Nairobi, hakuna ugunduzi hapo. Kumjibu mhusika kwa sauti, kumwonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango, kumcheka anapokosea na kumshangilia anapojinasua, ndiyo njia ya kawaida ya kutazama filamu. Anayekaa kimya ndiye huulizwa kama anaumwa.

Vibanda vimejipatia hata msamiati wake. Mhusika mkuu huitwa steringi, neno lililotokana na maandishi ya Kiingereza ya mwanzoni mwa filamu yanayotangaza majina ya waigizaji wakuu, na ambalo limeenea pia Tanzania kwa umbo la stelingi. Anayepambana naye ni adui, hata kama ni nyoka. Kanuni ya kwanza ya kibanda ni kwamba steringi hafi, na filamu inayoivunja kanuni hiyo bila sababu ya kutosha hujadiliwa kwa hasira hadi nje ya mlango. Kamusi nyingi bado hazijaliingiza neno hilo. Ni kosa la kamusi.

Ubovu wa utengenezaji nao haumtishi mtazamaji huyu. Mmarekani Ed Wood alitengeneza Plan 9 from Outer Space katika miaka ya 1950 kwa pesa kidogo mno. Mwigizaji wake mashuhuri, Bela Lugosi, alifariki mwaka wa 1956 akiwa ameacha vipande vichache tu vya picha, na nafasi yake ikajazwa na mtu mwingine aliyeficha uso kwa joho. Mwaka wa 1980 filamu hiyo ilitawazwa kuwa mbovu kuliko zote, na tangu hapo imependwa kuliko nyingi zilizokuwa bora. Mtazamaji wa Kawangware, aliyezoea kanda iliyonakiliwa hadi sura zikawa na rangi ya kijani, anaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa. Anachouliza ni iwapo kisa kinasonga.

MNYONYA DAMU WA GARI JEKUNDU

Katika filamu za kutisha ndipo hukumu za watazamaji hawa huwa kali zaidi, na mara nyingi hupingana na za Hollywood.

Hoja inayosikika sana ni kwamba mzimu wa Marekani hauna sababu. Unatokea katika nyumba kubwa yenye vyumba vingi na unaua vijana waliokuja kustarehe. Mtu anayeishi na jamaa zake watano katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 10 hupata taabu kuamini kwamba mtu mwenye akili timamu angekwenda peke yake gizani kuchunguza sauti ya ghorofa ya chini. Kibanda huangua kicheko pale ambapo mwelekezi alikusudia mayowe.

Mzimu wa Nigeria ni jambo jingine. Mnamo 1992 Kenneth Nnebue alitoa kanda ya Living in Bondage, ambayo huhesabiwa kuwa mwanzo wa biashara kubwa ya filamu za video nchini humo. Kisa chake ni cha mwanamume aitwaye Andy anayeona wenzake wametajirika, akajiunga na kundi lao la siri na kumtoa mkewe kafara. Utajiri unakuja, na mke naye anarudi, akiwa mzimu.

Hapo hapana nyumba kubwa wala ghorofa ya chini. Pana deni, wivu, jirani aliyenunua gari ghafla, na ndoa iliyouzwa. Mtazamaji wa Kibera anamjua mtu kama Andy. Huenda anamshuku mmoja aliye kwenye benchi la mbele. Mzimu huo una jina, una dai la haki, na unajua njia ya kufika nyumbani.

Filamu za Nigeria zilipoanza kujaa nchini Kenya, kwanza kwa kanda na sidii na baadaye kupitia kipindi cha Afrosinema katika runinga ya Citizen, zilikuta ardhi ambayo tayari ilikuwa imelimwa. Mnamo 1994 Rais Daniel arap Moi alikuwa ameunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Kanisa Katoliki. Ripoti yake iliwasilishwa bungeni mwaka wa 1999. Kwa miaka mitano hivi, minong'ono kuhusu mali iliyopatikana kwa damu ilikuwa suala rasmi la serikali. Si ajabu kwamba kisa cha Andy kilipokelewa mitaani kama habari badala ya hadithi.

Na kabla ya hapo kulikuwa na mumiani. Katika enzi za ukoloni ulienea Afrika Mashariki uvumi kwamba kuna watu wanaokamatwa usiku na kutolewa damu ili itengenezwe dawa. Pwani waliitwa mumiani. Nairobi na Kampala walisemekana kuwa wazimamoto, na gari lao jekundu likaogopwa. Mwanahistoria Luise White aliukusanya uvumi huo katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 2000, akionyesha kwamba watu waliutumia kuzungumzia mambo halisi: kazi ya kulazimishwa, hospitali za wakoloni, na nguvu zisizoonekana za waajiri.

Mtu aliyesimuliwa na nyanya yake habari za mnyonya damu anayekuja na gari la serikali hawezi kutishwa sana na bwana wa Ulaya mwenye joho na meno marefu.

Watanzania waliligundua jambo hili mapema. Mwelekezi Mussa Banzi alitengeneza filamu za Nsyuka na Shumileta katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2000, akichanganya mbinu alizoziona katika filamu za nje na majini na mizimu ya hadithi za nyumbani. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimemwandalia vifaa. Lugha inayotofautisha mzimu, pepo, jini, kizuka, zimwi na kibwengo haiwezi kuridhika na zimwi moja la mpira.

Kenya imechelewa katika uwanja huo. Kati ya filamu zake zinazogusa ulimwengu wa wafu, iliyosifiwa zaidi ni Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, iliyoshinda tuzo ya wahakiki katika tamasha la Toronto. Ni kazi nzuri na ya utulivu. Haikutengenezwa kwa ajili ya benchi la mbao.

MJINGA ANAYESHINDA

Kuhusu vichekesho, mtazamaji wa mitaa hii alilelewa na Vitimbi na Vioja Mahakamani za Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Marehemu Benson Wanjau, aliyejulikana na taifa zima kama Mzee Ojwang', aliyefariki mwaka wa 2015, alimfunza kwamba mtu anaweza kuchekesha kwa kusimama tu mlangoni akiwa amevaa koti lisilomtosha.

Kipimo chake basi ni kimoja: je, mjinga anashinda? Kichekesho ambacho ndani yake wajanja huwacheka wajinga hakidumu ubaoni. Kile ambacho mjinga, bila kujua, anawaumbua wajanja hurudiwa kwa miaka.

Osuofia in London ya mwaka 2003 ni ya aina hiyo. Nkem Owoh anaigiza mwanakijiji anayesafiri Uingereza kuchukua urithi wa nduguye aliyefariki, na kila desturi ya Waingereza anaihukumu kwa sheria za kijiji chake. Mwaka mmoja kabla yake, Aki na Ukwa iliwatambulisha Chinedu Ikedieze na Osita Iheme, watu wazima wawili wenye maumbo ya watoto, ambao utundu wao uliwafanya mashuhuri hadi vijiji vya Kenya. Wako Wakenya wengi waliopewa majina hayo ya utani shuleni.

Kisha kuna filamu ambazo kupendwa kwake kunaleta shida. The Gods Must Be Crazy ya mwelekezi Jamie Uys, iliyotolewa Afrika Kusini mwaka wa 1980, na Mr Bones ya mwaka 2001, ambamo Leon Schuster anaigiza Mzungu aliyelelewa kuwa mganga wa kabila la kubuni, zimelaumiwa sana kwa jinsi zinavyomwonyesha Mwafrika. Lawama hizo zina msingi. Ya kwanza ilitengenezwa wakati wa ubaguzi wa rangi na ilifanya maisha ya Wasan yaonekane kama ndoto isiyo na polisi wala mashamba ya watu weupe.

Licha ya hayo, Mr Bones ilitazamwa Nairobi hadi kanda zikachakaa. Wapenzi wake hawakatai kwamba ina dharau. Husema kwamba wao humcheka Mzungu aliyevaa ngozi na kutupa mifupa chini, si kabila lake. Mtu anaweza kuikataa hoja hiyo, lakini hawezi kudai kwamba watazamaji hawakufikiri.

Wakenya nao wana kichekesho chao cha ajabu ambacho kilistahili wafuasi wengi zaidi. Malooned ya Bob Nyanja, iliyotolewa mwaka wa 2007, inawafungia mwanamume na mwanamke wa makabila tofauti ndani ya choo cha jengo la ofisi, na karibu filamu nzima inabaki humo. Miezi michache baada ya mwaka huo kumalizika, hakuna aliyeweza kuitazama bila kufikiria jambo jingine.

SAUTI YA PILI

Hadi hapa maelezo yameachwa bila mtu muhimu kuliko wote kibandani, naye ni msimulizi.

Msimulizi, ambaye wengi humwita DJ, huitazama filamu kwanza, huipunguza sauti yake ya asili, kisha huirekodi tena akiwa na kipaza sauti. Hatafsiri neno kwa neno. Huwapa wahusika majina mapya, huwahamishia mitaa ya Nairobi, hueleza kilichokuwa moyoni mwa adui, na pale ambapo filamu inalegea, yeye huongeza kasi. Aliye mashuhuri zaidi nchini ni DJ Afro, ambaye usimulizi wake wa filamu za mapigano, za Kichina na za Kihindi, kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, umesikika katika vibanda, matatu na vinyozi kote nchini.

Kenya si ya kwanza katika ufundi huu. Tanzania ina Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye kama Lufufu, aliyesimulia filamu za nje kwa Kiswahili kilichonyooka. Uganda ina wasimulizi wengi, akiwemo VJ Jingo, na ukumbi wao wa video huitwa kibanda vilevile. Japani iliwahi kuwa na wasimulizi walioitwa benshi, ambao wakati wa filamu zisizo na sauti walisimama kando ya pazia wakisema kwa niaba ya wahusika wote. Baadhi yao walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji. Filamu za sauti zilipofika, kazi yao ikafa. Mmoja wa waliopoteza riziki alikuwa kaka yake Akira Kurosawa, aliyekuja kuwa mwelekezi mkuu wa nchi hiyo.

Msimulizi ndiye anayetatua fumbo la kwa nini kibanda hucheka katika filamu za kutisha. Kutisha hutegemea kimya. Mwelekezi huacha ukumbi utulie, mlango ulie polepole, pumzi ya mhusika isikike, ndipo ashtue. Msimulizi hawezi kunyamaza, kwani kunyamaza ni kuacha kazi. Anapomshauri mhusika arudi nyumbani kwa sababu matatu za mwisho zimekwisha, hofu yote inayeyuka na filamu ya mapepo inageuka kuwa kichekesho.

Wapenzi wa filamu hawakubaliani kuhusu jambo hili, na ubishi wao ni wa kuheshimiwa. Wako wanaosema kwamba filamu ya kutisha iliyosimuliwa imeharibiwa, kama chai iliyotiwa chumvi. Wengine husema kwamba hiyo ndiyo hali bora ya filamu hiyo, kwa kuwa woga wa watu arobaini gizani lazima upate pa kutokea. Wahongkong, pengine, walikuwa na jibu tangu 1985 walipotoa Mr Vampire, ambamo maiti waliovaa nguo za maafisa wa kale hurukaruka kwa miguu miwili pamoja na hutulizwa kwa karatasi ya manjano iliyobandikwa kwenye kipaji cha uso. Ni filamu inayotisha na kuchekesha kwa wakati mmoja bila kuhitaji msaada wa mtu.

LESENI NA HAKIMILIKI

Kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka wa 1962, anayeonyesha filamu kwa umma anahitaji leseni, na filamu yenyewe sharti iwe imekaguliwa. Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB) hugawa filamu kwa umri: za watu wote, za watoto wakiwa na mwongozo wa wazazi, za miaka 16 na za miaka 18.

Mara kwa mara maafisa wamevamia vibanda, wakabeba runinga na kuwakamata wenyewe. Malalamishi yao si ya kupuuzwa. Watoto waliopaswa kuwa darasani wamekutwa kwenye mabenchi, na wako wenye vibanda waliowaonyesha picha ambazo mtu mzima mwenye haya angegeuza uso. Mzazi anayeondoka Kibera alfajiri kwenda kufanya kazi ya mkono Industrial Area hana namna ya kujua mwanawe anatazama nini saa nane mchana. Kwa hilo bodi ina haki kabisa.

Kosa ni kudhani kwamba hayo ndiyo yote yanayofanyika humo. Kibanda kilichofungwa kwa sababu ya mwenye tamaa mmoja huwaondolea watu wazima wa mtaa mzima ukumbi wa pekee walioumudu.

Swali la hakimiliki ni gumu zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haimruhusu mtu kuigeuza kazi ya mwingine na kuiuza bila idhini, na msimulizi hana idhini ya Hong Kong wala ya Mumbai. Kisheria, kazi yake ni wizi. Kisanaa, ni utunzi wa mdomo wa hali ya juu ambao vyuo vikuu vingejivunia iwapo ungekuwa wa karne iliyopita. Mambo yote mawili ni kweli, na kwa kuwa ni wizi, hakuna maktaba ya umma inayoweza kuuhifadhi kwa urahisi.

Mlango mmoja mdogo upo. Night of the Living Dead, filamu ya George Romero ya mwaka 1968 iliyowaleta duniani wafu wanaotembea kama wanavyojulikana leo, ilikosa ulinzi wa hakimiliki Marekani kwa sababu tangazo la umiliki lilisahaulika jina la filamu lilipobadilishwa. Steringi wake ni mwanamume mweusi, Duane Jones, na anaivunja ile kanuni ya kibanda kwa namna ambayo ingezua ubishi wa wiki nzima Kawangware. Msimulizi anayetafuta filamu ya kuanzia bila kumwogopa wakili angeweza kuanza na hiyo.

KIMYA KINACHOINGIA

Wakati mabishano hayo yakiendelea, benchi limekuwa likipungua watu. Maduka ya kunakili filamu yalileta sidii hadi chumbani, kisha simu za mkononi zikaileta filamu kitandani. Vibanda vingi vilivyosalia huishi kwa kandanda ya Uingereza. Kijana wa leo hutazama filamu ya kutisha peke yake, akiwa na vipokea sauti masikioni, na kile kimya ambacho msimulizi alikifukuza kimerudi.

Waganda wameonyesha njia nyingine. Katika kitongoji cha Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alianzisha kampuni yake mwaka wa 2005 na kutengeneza filamu za mapigano kwa kompyuta alizoziunda mwenyewe na bunduki za vyuma chakavu. Tangazo la filamu yake Who Killed Captain Alex? lilipowekwa mtandaoni mnamo 2010, lilitazamwa na mamilioni ya watu, na wapenzi wa filamu zenye wafuasi huko Marekani wakaipokea kama hazina. Gharama yake ilisemekana kuwa chini ya dola 200. Filamu yake nyingine, Bad Black, ilishinda tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest jijini Austin mwaka wa 2016.

Wageni hao walicheka mahali pale pale ambapo Wakaliga walikuwa wamecheka, kwa sababu sauti ya msimulizi, VJ Emmie, imo ndani ya filamu kutoka mwanzo hadi mwisho, akiwasifu wapiganaji na kumkejeli kila anayeanguka.

Nakala asilia ya Captain Alex, isiyo na sauti hiyo, haipo tena. Umeme usiotabirika uliharibu mitambo, na Nabwana alilazimika kuifuta kompyuta ili apate nafasi ya filamu iliyofuata. Iliyookoka ni nakala ya kibandani, ile aliyosimulia VJ Emmie.